Sarafu ya Kumi na Tatu

Mtaa wa Capuchinos, 14
Toro, Zamora
2 Novemba 2023

Mpendwa Herminia, mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo? Nibaldo hajambo? Na lile goti lililokusumbua majira ya mvua yaliyopita limepona, au bado unalifunga kitambaa na kujifanya huumwi? Wasalimie mapacha. Wananijua kwa sauti tu, na nimesikia wanasema mjomba wao huongea kama mtu anayegombana na trekta. Hawajakosea. Nimegombana na matrekta miaka arobaini.

Sisi huku tu wazima wa mwili. Casilda bado ana shinikizo la damu na bado anatia chumvi mchuzi kwa kiganja. Binti yetu Araceli anatarajia mtoto mwezi wa Machi, lakini hilo unalijua kabla yangu, maana wewe na yeye mnaambiana kila kitu kwenye simu. Mimi nimepungua kilo nne tangu tumzike Baba. Chakula nakiona, hamu ndiyo siioni.

Utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwangu. Ukweli ni kwamba kwenye simu mimi ni mwoga. Ukinyamaza kidogo tu upande wa pili, nakata halafu nasingizia mtandao. Barua hii nimeianza mara tano na kuichana mara nne. Hii ya tano nimeiandika karakanani, mlango nimeufunga, na Casilda anadhani natengeneza pampu ya jirani.

Juzi tulikwenda makaburini na ndoo na brashi, kama alivyokuwa akitupeleka Mama kila inapokaribia Siku ya Watakatifu Wote. Jina la Baba halijachongwa bado. Fundi anasema tungoje mpaka karibu na Krismasi. Casilda aliweka maua ya manjano. Kwenye kaburi la jirani alikuwepo mama mmoja anasafisha, akauliza bila kugeuza shingo: "Na yule binti yake wa Chile, hata kuja kumzika hakuja?" Casilda akamjibu: "Mama, kutoka hapa hadi Chile si kama kutoka hapa hadi sokoni." Mimi nikaendelea kusugua jiwe. Nilisugua mpaka brashi ikaanza kutoa manyoya.

Hapa Toro kila mtu anajua kuwa wewe ndiye mtoto uliyemkosea baba yako ukamkimbia. Si kweli, Herminia. Aliyefanya ionekane kweli ni mimi, na ndiyo maana naandika.

Unazikumbuka sarafu za harusi. Kumi na tatu, za fedha, za peseta mia, na kichwa cha jenerali upande mmoja. Baba alizitoa katika mshahara wake wa msimu wa sukari kiwandani, wewe ukiwa na miaka mitatu, akazifunga kwenye kile kisanduku cha biskuti chenye picha ya mwanamke mwenye feni. Alimwambia Mama kwamba watoto wake hawataazima sarafu za mtu siku ya kufunga ndoa. Wengine huku bwana harusi anammwagia bibi harusi viganjani zile kumi na tatu za desturi zikiwa vipande vya bati vilivyopakwa rangi, mbele ya padri, bila aibu. Sisi tulikuwa na za kwetu.

Na unakumbuka alivyotufundisha kuzisoma. Kwamba ule mwaka wa 1966 ulioandikwa wazi usitudanganye, kwa sababu mwaka halisi wa kutengenezwa umefichwa ndani ya vinyota viwili vidogo kuliko dengu. Zetu zote zilikuwa za nyota ya sitini na tisa, na hiyo tisa mguu wake umenyooka, haukupinda. Tulijua kusoma nyota kabla ya kujua kusoma saa. Wewe ulizisoma haraka kuliko mimi, tena bila kioo, na mimi nilikuwa nakufinya kwa wivu.

Baba alipoziweka hakujua kuwa kuna siku zitakuwa adimu. Fedha yenyewe kama madini ilipopanda bei, watu walizificha au wakaziyeyusha, madukani zikapotea kabisa, na za sitini na tisa zenye mguu ulionyooka zikawa za kutafutwa kwa tochi. Hilo mimi nililijua. Nililisikia kwa wenye meza za sarafu kule Valladolid, wale wa Jumapili chini ya matao ya uwanja mkuu.

Mwaka wa tisini, mwezi wa Agosti, wiki mbili kabla hujaondoka, nilifungua kisanduku nikachukua moja. Nikaenda nayo Valladolid nikaiuza kwa mtu wa Salamanca ambaye hakuniuliza hata jina.

Sikuwa na shida, Herminia. Ningependa kukuandikia kuwa nilikuwa mgonjwa, au kuna mtu alinitishia. Nilinunua koti la ngozi. Lile jeusi lenye zipu ya upande. Siku unaondoka, pale kituo cha basi, ulinishika mkono wa koti ukasema: "Kaka, leo umekuwa mwigizaji wa sinema. Usithubutu kuoa kabla sijarudi." Nikacheka, nikakubebea sanduku. Nilikuwa nimevaa sarafu yako ya harusi.

Baba hakuja kukuaga, unajua kwa nini. Alikuwa ameapa kuwa binti yake hatamfuata mwanamume, yaani Nibaldo wako, mpaka upande wa pili wa dunia bila kupita kanisani. Basi lako lilipoondoka tu, alishusha kisanduku kabatini. Nadhani alitaka kuzishika tu, kwa uchungu. Akahesabu. Akahesabu tena. Nilikuwa nimesimama mlangoni.

"Amechukua moja," akamwambia Mama.

"Nani? Herminia? Hawezi."

"Yeye harusi haitaki, basi na wengine wasiipate kamili. Amezivunja makusudi."

Mama alisema hapana, akasema tena hapana, kisha akanitazama mimi. Nilichotakiwa kufanya ni kufungua mdomo. Sikuufungua. Nilijiambia kwamba wewe umeshaondoka tayari, hasira yake imeshakuwa juu yako, na tone moja zaidi halitazidisha kitu. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, si mtoto.

Nilipomwoa Casilda miaka miwili baadaye, Mama alijaza pengo kwa kipande cha peseta tano, kile cha kawaida. Padri alipozimimina, zile kumi na mbili zililia kama fedha na ile moja ikalia kama kizibo cha soda. Watu walicheka. Baba aliangalia sakafu.

Sasa ile siku ya mwaka wa tisini na saba, ulipokuja kwa misa ya marehemu Mama. Najua hujaisahau, maana uliniuliza uwanja wa ndege kosa lako lilikuwa lipi na nikakuambia, "Mzee amechoka tu." Tulikuwa mezani, supu ya kitunguu saumu mbele yetu. Ukasema kwa upole wako: "Baba, zile sarafu bado zipo? Nataka kuzishika kidogo, Mama alikuwa akizipenda." Baba akaweka kijiko chini, akavaa kofia yake, akatoka nje kwenye ukungu na hakurudi mpaka ulipokwenda kulala. Wewe ulikuwa unaulizia kumbukumbu ya Mama. Yeye alisikia mwizi anauliza habari za alichoiba. Na mimi niliyejua yote nilikuwa namimina divai, nikamaliza kumimina, nikanywa.

Tangu hapo ndipo alipoanza Jumapili zake. Ulikuwa ukiambiwa kuwa Baba ameingiwa na ugonjwa wa kukusanya sarafu, na mimi mwenyewe nilikutania hivyo kwenye simu. Hakuwa mkusanyaji. Wakusanyaji wana albamu, wana makabati, wanagombana kuhusu mikwaruzo. Yeye alitaka moja tu. Kila Jumapili basi la saa mbili, kioo cha kukuzia mfukoni, kuzunguka meza zile zote chini ya matao. Watu wakimwonyesha vipande vya kale vya maana sana, anavisukuma kwa kidole kama mtu anayetoa mawe kwenye dengu. Evelio, yule mwenye meza karibu na duka la mishumaa, alikuwa akimpigia kelele kutoka mbali: "Saturio! Unatafuta sarafu au mchumba?" Na Baba anamjibu: "Mchumba ningeshampata, wachumba hawana nyota za kusoma."

Evelio alikuwa mwaminifu. Mara mbili alimnyang'anya Baba mkononi sarafu ya meza nyingine akamwambia aiache, kwa sababu kuna wahuni wanaochukua nyota ya sitini na nane na kuikwangua kwa sindano mpaka nane igeuke tisa. Nane haina ujanja, Evelio alisema. Ukiifungua tumbo la chini inakuwa tisa, lakini kovu linabaki.

Peseta ilipokufa ikaja euro, Toro nzima ilikimbilia benki na mifuko. Baba hakubadilisha hata moja. Na mwaka wa elfu mbili ishirini na moja, dirisha la benki la kubadilishia peseta lilipokuwa linakaribia kufungwa kabisa, majirani walimletea makopo yao ya vipande vya zamani avipitie kwanza. Meza ya jikoni ilijaa. Alikuwa na miaka themanini na mitano, sukari ilishaanza kumla macho, na bado aliinua kila kipande karibu na taa, kimoja kimoja. Nilimuuliza atafanya nini akiipata. Akasema: "Atakapokuja akute zimetimia. Nisiwe na la kumuuliza."

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa akitafuta ili akushinde. Alikuwa ameshakusamehe zamani, kwa kosa langu, na alikuwa anasafisha ushahidi ili ukirudi usione aibu.

Hata hapo sikusema.

Masika ya mwaka jana nilimpeleka Valladolid kwa gari. Evelio alikuwa amefariki wakati wa baridi. Nilikwenda kuweka gari, na niliporudi nikamkuta Baba amesimama katikati ya matao, mkono ameukunja ngumi. Alikuwa amenunua sarafu kwa mgeni fulani mwenye meza ya kukunja, ambaye sijamwona tena. Hakutaka kuufungua mkono mpaka tulipoingia garini.

"Nisomee nyota," akasema.

Nikachukua kioo. Nyota ya kwanza, kumi na tisa. Nyota ya pili, Herminia, hata bila kioo niliona. Chini ya ile tisa palikuwa na kovu. Ilikuwa nane iliyokwanguliwa.

"Soma, mbona unakawia? Au na wewe umekuwa kipofu?"

"Sitini na tisa, Baba."

"Mguu?"

"Umenyooka."

Akalaza kichwa kwenye kiti, akafunga macho. Njia nzima mpaka nyumbani machozi yalikuwa yanateremka mpaka kwenye kola. Sikujuta kumdanganya hapo, na hata leo sijuti. Ninayojutia ni yale yaliyofuata.

Tulipofika alitaka kalamu. Yeye alikuwa haoni kuandika tena, kwa hiyo akaniketisha mezani akaniambia niandike anachosema, barua ya kwako. Niliandika. Akatia sahihi mwenyewe, nikimwekea kidole mahali pa kuanzia. Akaniambia niipeleke posta kabla hawajafunga.

Nilitoka nayo. Nikafika posta, nikasimama nje. Niliona wazi yatakayotokea: utaisoma, utashangaa, utapiga simu useme, "Baba, sarafu gani? Mimi sijachukua sarafu." Na yeye angegeuka kunitazama mlangoni, kama Mama alivyonitazama. Nikarudi na barua mfukoni. Nikajipa na kisingizio kizuri: nitatumaje barua isemayo zimetimia na najua ya kumi na tatu ni bandia? Nilijifanya mtu wa ukweli. Barua nikaificha karakana, kwenye droo ya spana kubwa.

"Umeituma?"

"Nimeituma."

Wiki ya tatu akaanza. "Amejibu?" Bado, Baba. "Posta ya huko wanatumia punda?" Chile ni mbali, Baba. "Mbali, lakini hata punda angekuwa amefika." Mwanzoni alikuwa anatania. Alinunua godoro jipya la kitanda chako. Krismasi ulipopiga simu, alikuja akakaa karibu nami, sikio limeelekea kwangu, akisubiri nimwambie umetaja barua. Mimi nilikuambia mwaka mpya mwema na nikakata. Ulimwambia Araceli kuwa kaka yako siku hizi hana muda na wewe.

"Hakutaja?" akaniuliza.

"Hakutaja."

"Basi. Ana haki yake. Nimechelewa sana."

Baada ya hapo hakuuliza tena. Kisanduku alikiweka chini ya kitanda chake, na asubuhi nilikuwa nasikia akizihesabu kwa kidole gumba mpaka kumi na tatu. Hospitali, siku mbili kabla hajafa, Araceli alisema atakupigia simu umwone usoni. Baba akatikisa kichwa. "Asisumbuliwe," akasema. "Alishanijibu."

Hilo ndilo neno lake la mwisho juu yako, na halikuwa na ukweli hata kidogo, na aliondoka nalo. Nilikuwa nimemshika mkono. Ningeweza kusema hata wakati ule. Masikio yake yalikuwa mazima. Nilimwekea mto vizuri.

Sikuombi unisamehe. Ukinisamehe haraka nitajua hukuisoma barua yote. Jumapili, baada ya misa, nitawaambia Casilda na Araceli, na yule mama wa makaburini nitamwambia mimi mwenyewe, mbele ya watu, mlangoni mwa kanisa. Nimeshamwambia fundi asichonge kitu mpaka utakapojibu, maana kwenye jiwe la Baba wanataka kuandika kuwa ni kumbukumbu kutoka kwa watoto wake, na sitaki hilo liandikwe bila ridhaa yako.

Ndani ya bahasha hii, kwenye kitambaa kilichoshonwa juu ya karatasi ngumu, utaikuta sarafu. Ni ile ya Baba, ile yenye kovu. Itazame bila kioo, wewe macho yako yalikuwa makali. Zile kumi na mbili ziko hapa kwenye kisanduku cha mwanamke mwenye feni, sijazisugua, sijazigusa. Miaka thelathini na tatu Baba aliamini kuwa ya kumi na tatu unayo wewe. Sasa unayo. Ukija nayo, zitatimia. Usipokuja, zitabaki kumi na mbili, na mimi sitaweka kitu chochote mahali pake.

Msalimie sana Nibaldo, ambaye nimemkosea pia, kwani Baba alimchukia zaidi miaka mingi kwa wizi usiokuwa wenu. Wabusu mapacha. Casilda anakusalimu na hajui anakusalimia katika barua gani. Araceli anakukumbatia, akijifungua msichana anataka kumpa jina lako. Mungu akulinde na mvua za Valdivia, alilinde goti lako, na akupe miaka mingi yenye watu wakweli kuliko mimi.

Nimefunga barua ya Baba pamoja na hii. Kalamu ni yangu, maneno ni yake. Niliandika kila alichotamka, hata alichoniambia nisiandike. Kwa kuwa mwandiko wangu wa siku ile ulitikisika, nakunakilia hapa chini usisumbuke kuusoma.

Ni mimi kaka yako, mwenye koti, ninayekupenda na niliyekunyima baba,

Leoncio

———

Herminia mwanangu,

Zimetimia kumi na tatu. Sina swali la kukuuliza na wewe usiwe na jambo la kunieleza. Kitanda chako ni kilekile, godoro nitanunua. Huyo Nibaldo naye aje, nitamzoea. Mkitaka harusi, sarafu zipo. Msipotaka, tutakula supu tu. Mwambie namsubiri. Hapana, usiandike namsubiri, ataona namharakisha. Andika hakuna haraka.

Baba